Simu ya bei mbaya: nimpe pole au hongera?

Barua zenu za maswali ya Kiswahili za mwezi huu zimekuja kama zimeitana. Nimezisoma barazani hapa Ngamiani, Tanga, chai ya tangawizi pembeni, na kila moja inanuka hela: simu, friji, dhahabu. Nimechagua tano. Walioniuliza kuhusu ndoa ya mkeka na nahau za mpira wanivumilie hadi toleo lijalo.

*

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mkulima wa Kilosa, umri wangu miaka 54. Kijana wangu anafanya kazi Dar es Salaam. Sikukuu ya Idi alikuja nyumbani na simu mpya. Rafiki zake walipoiona wakapiga kelele, "Duh, ya bei mbaya hii!" Mimi nikamwita pembeni, nikampa pole, nikamwambia mwanangu kama umepigwa irudishe kabla risiti haijafutika. Walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo vijana wa hapa wananiita Mzee Risiti. Naomba unieleze bei mbaya ni kitu gani siku hizi. Na je, naweza kuisema kwenye kikao cha harusi nisichekwe tena?*
*Baba wa Kilosa*

Marahaba, Mzee Risiti. Niwie radhi, jina limenikaa mdomoni.

Kwanza ujue hukukosea. Pole uliyompa mwanao ni ya Kiswahili safi kabisa, na mimi ningempa hiyo hiyo. Kilichotokea ni kwamba wewe na wale vijana mlikuwa mmesimama pande mbili tofauti za mizani moja. Na mizani hii, tofauti na ile ya sokoni, ina pande tatu.

Mimi kabla ya kuwa mwalimu niliuza vitambaa. Miaka mitatu, 1980 hadi 1982, nilisimama nyuma ya kaunta ya duka moja hapa hapa mtaani. Mama akiingia dukani haulizi bei. Anaanza na kitambaa. Anakishika pembe kwa vidole viwili, anakisugua, anakipuliza aone kama wanga unatoka, anakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Ndipo anauliza ni kiasi gani, tena macho yake yako kwenye kitambaa kingine kabisa. Ukimtajia, husikii neno "ghali". Anasema, "Bei mbaya hiyo, mwanangu." Basi hapo amepiga hodi. Tajiri wangu, aliyekuwa akikaa nyuma na daftari lake, atamjibu, "Sema na wewe neno lako." Mama ataomba bei ya kufungulia duka hata kama ni saa tisa alasiri. Tajiri ataapa kwamba kwa bei hiyo hapati hata hela ya nauli. Mama atakirudisha kitambaa na kuondoka, lakini taratibu, na mimi nilijifunza kuzihesabu hatua zake: ya tatu tajiri kimya, ya tano anakohoa, akikanyaga kizingiti anaitwa, "Njoo mama, njoo, usiende na hasira."

Huo ndio upande wa kwanza. Mdomoni mwa mnunuzi bei mbaya ni bei kubwa.

Sasa panda basi uende Newala au Tandahimba msimu wa korosho. Mkulima anatoka mnadani anakwambia, "Mwaka huu bei mbaya." Huyu analia kwamba bei ni ndogo. Mwaka 2018 wakulima walizigomea bei za wanunuzi, mpaka serikali ikaingia kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Aliyekuwa akiitaja bei mbaya msimu ule ni mwenye korosho. Mla korosho wa Kariakoo angeziona bei zile zile akashukuru. Wewe mkulima unalijua hili kuliko mimi. Ukiuza mpunga unaombea bei nzuri, na mkeo akienda kununua mafuta ya kula anaombea bei nzuri, na maombi hayo mawili yakifika mbinguni kwa pamoja sijui yanashughulikiwaje. Mbaya na nzuri za bei hazina kimo chake. Zinakaa kwenye mfuko wa anayesema.

Rafiki za mwanao wao hawakununua wala hawakuuza. Walikuwa watazamaji, na mtazamaji haumii. Kwake ile bei inayoumiza wengine ndiyo sifa ya kitu: simu hii haishikiki na kila mkono. Ndiyo maana wakashangilia pale ulipotoa pole.

Na neno baya kugeuka sifa si jambo la kututisha. Vijana wanasema "amependeza vibaya", wanasema gari "kali", nyimbo "hatari", kocha "noma". Sisi wenyewe, tuliokwenda shule enzi za kalamu za kuchovya, tulikuwa na wenzetu tuliowaita "wakali wa hesabu", na hakuna aliyekuwa akimng'ata mtu. Lugha ikitaka kusifu sana, maneno mazuri huyaona mepesi, ikaenda kuazima kwenye kapu la maneno ya kuogofya.

Ila kuna kitu nakikumbuka kinachonifanya niamini kwamba matumizi haya hayakuweza kuzaliwa zamani zangu. Wakati ule tulikuwa na Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka 1973 kupanga bei za bidhaa. Bei halali ya kitenge ilijulikana na kila mtu. Kitenge chenyewe ndicho kilichokuwa hakijulikani kilipo. Kilichokuwepo kilikuwa chini ya meza, kwa bei ya kuruka, na bei ya kuruka haikuandikwa popote wala haikusemwa kwa sauti. Mama aliyevaa kitenge kipya harusini, akiulizwa amekinunua kiasi gani, alijibu neno moja: "Nimeletewa." Kaletewa na nani, kutoka wapi, huulizi. Mwaka 1983, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilipokuja operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi, yaani walanguzi na waficha bidhaa, kuna watu hata vile walivyoletewa kweli walivificha uvunguni. Nani angesimama katikati ya ua akapiga kelele kwamba kitu fulani ni cha bei mbaya? Ilibidi kwanza biashara ifunguliwe, kuanzia 1984, maduka yajae, bidhaa zionekane kioo kwa kioo, ndipo bei kubwa igeuke kitu cha kuonyeshana.

Sasa matumizi yake, maana umeuliza. Sikiliza kiunganishi. Masikioni mwangu "simu ya bei mbaya" ni sifa, lakini "simu hii bei yake mbaya" ni malalamiko. Ukiifunga bei kwenye kitu kwa ile "ya", inakuwa cheo: gari la bei mbaya, viatu vya bei mbaya, hata shule ya bei mbaya. Ukiiacha isimame peke yake inarudi dukani kwa yule mama na hatua zake tano. Pili, mwenye kitu hasemi. Rafiki zake ndio husema, na yeye hujibu, "Kawaida tu," huku akiigeuza simu ili mgongo uonekane. Mwenye kitu akijisemea mwenyewe anaitwa jina jingine, ambalo mhariri hataniruhusu kuliandika.

Kikao cha harusi? La, mzee wangu, usijaribu. Ukisema "tumepata ukumbi wa bei mbaya", vijana watapiga makofi, mweka hazina atashikwa na presha, na wazee wenzako watakwambia mtafute mwingine. Sema ukumbi ni wa kifahari, kama unausifu. Sema ukumbi una gharama kubwa, kama unataka michango iongezwe. Ukitaka yote mawili, anza na la kwanza, michango isomwe, kisha ndipo ulete la pili.

*

*Salaam aleikum Bibi. Mimi ni mwanafunzi Mombasa. Niliandika katika insha "nguo hizi ni aghali" mwalimu akanikata, akaandika "ghali". Pia alikata "bei ghali". Je, ni haki?*

Waaleikum salaam. Kwenye la kwanza amekuonea kidogo, kwenye la pili ana hoja.

"Ghali" na "aghali" zote ni Kiswahili na utazikuta kwenye kamusi. Chimbuko lake ni Kiarabu, ambako umbo lile lenye "a" mbele lina maana ya kuzidi: kitu hiki ni ghali kuliko kile. Kuvuka bahari likaiacha ile "kuliko" huko huko, na leo aghali ni ghali tu. Mimi huandika ghali kwa sababu ni fupi. Lakini usije ukaandika "aghalabu" ukidhani ni ndugu yao. Aghalabu ni mara nyingi.

Kuhusu "bei ghali", hoja ya mwalimu wako ni kwamba kilicho ghali ni nguo. Bei yenyewe hainunuliwi, kwa hiyo huwa kubwa au ya juu. Kwenye insha mtii. Sokoni Kongowea ukianza kumrekebisha muuza nyanya kwa hoja hiyo utarudi nyumbani bila nyanya.

Nikuongezee kitu ambacho hukuuliza. Mwenzake ghali ni "rahisi", nalo pia ni la Kiarabu, na kule maana yake ni kitu cha bei ndogo, basi. Sisi tulilipokea, tukalibebesha mzigo wa pili: mtihani rahisi, kazi rahisi. Wahenga waliosema rahisi huvunja upishi walikuwa bado wako kwenye maana ya kwanza, ya viungo vya bei ndogo vinavyoharibu chungu kizima. Siku hizi ukimwambia mtu "nimepata fundi rahisi" lazima uendelee kueleza kama anatoza kidogo au anaelewana haraka. Ghali halikupata mzigo wa pili. Hatusemi mtihani ulikuwa ghali, ingawa kwa ada za siku hizi tungeweza.

*

*Bibi shikamoo. Niko Mwanza, nina miaka 27, bodaboda. Nimenunua friji kwa ajili ya mke wangu na biashara yake ya juisi. Washikaji wanasema "umejilipua". Mama yangu anasema "umejikamua". Mke wangu anasema "umejitahidi baba". Bibi, mimi nimefanya nini hasa?*

Marahaba, mjukuu. Inategemea umelipaje.

Kujilipua ni kutoa hela yote kwa mpigo bila kujua kesho utakula nini, kama mtu aliyefumba macho akaruka. Kujikamua kuna maumivu lakini kuna mahesabu: unajibana huku, unabana kule, mpaka tone la mwisho. Kujitutumua ni kujionyesha una nguvu usizokuwa nazo. Hilo nashukuru hakuna aliyekwambia. Na kujitahidi ni neno la mke mwenye akili anayetaka friji na amani pamoja. Shika hilo la mkeo.

Lakini yapo maneno mengine mazee kuliko haya, na nakuandikia kwa sababu nadhani yanakufaa. Kudunduliza ni kuweka kidogo kidogo, sarafu juu ya sarafu, kwenye kibubu au fundo la kanga. Mama yangu alidunduliza kununua cherehani ya Singer. Alikuwa mcheza upatu, wanawake kumi, zamu yake ilipofika hela haikutosha, akauza mbuzi wawili akaongezea. Cherehani ilipoingia ndani ilikaa siku nne bila kushonwa chochote. Alikuwa akiifunua, anaipangusa, anavuta kile kidroo cha mbao cha upande wa kulia, anatazama bobini ndani yake, anakirudisha, anaifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Majirani walipokuja kuiona hakuna aliyeuliza bei. Neno walilolisema wote, mmoja baada ya mwingine, ni "kitu cha maana". "Mama fulani kanunua kitu cha maana." Hilo ndilo neno letu la kitu kikubwa cha nyumbani, mjukuu, na ukilitazama utaona halina hela ndani yake. Kitanda cha mbao nzuri, kabati la vyombo, baiskeli, bati za kuezekea: vitu vya maana. Simu yenye thamani ya cherehani tatu majirani wale wangeiita kitu cha bei, nadhani, na cha maana wangesubiri waone.

Friji la juisi mimi nakuhesabia kitu cha maana.

Sasa nikuulize: umelipa taslimu au mdogo mdogo? Nauliza kwa sababu na mimi niliwahi kununua friji, miaka kadhaa iliyopita, kwa mtu aliyenipigia hesabu tamu. Taslimu lilikuwa 520,000. Akasema, "Bibi wewe usijiumize, lipa mdogo mdogo: tanguliza 150,000, halafu 45,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja." Elfu arobaini na tano niliiona nyepesi, nikatia sahihi pale pale kwa kalamu yake. Nilipofika nyumbani nikamwita mtoto wa jirani wa darasa la sita, akanipigia: arobaini na tano mara kumi na mbili ni 540,000, ongeza ile 150,000, jumla 690,000. Mwalimu mstaafu mzima nimeongeza 170,000 kwa sababu ya neno "mdogo". Na mwezi wa nane likaacha kugandisha. Fundi akasema gesi, muuzaji akasema umeme wa kwangu. Nikawa nalipia kabati jeupe.

Sisemi malipo ya awamu ni mabaya. Jirani zetu wa Kenya wanayaita lipa pole pole na wamejengea nyumba nzima za samani. Nasema zidisha kabla ya kutia sahihi. Na kama hela ya friji umeitoa kwa wale jamaa wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kuua, andika tena haraka, tusubiri hayo ya msamiati baadaye.

*

*Assalaam aleikum Bibi. Naolewa baada ya Mfunguo Tatu, niko Unguja. Nimetaka seti ya dhahabu: mkufu, hereni, bangili na pete. Upande wa mume, ambao ni watu wa bara, wamesema dhahabu ni anasa, bora wanunue makochi. Kwetu dhahabu haiitwi anasa hata siku moja. Nani anajua Kiswahili, sisi au wao?*

Waaleikum salaam, mwari. Mnajua nyote, ila mmekulia nyumba tofauti.

Anasa limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kuzoeana na kuliwazana, yaani raha ya kukaa na watu. Kwetu likawa raha yenyewe, kisha likawa raha isiyo ya lazima, na hapo ndipo likapata ncha. Ukikiita kitu anasa umeshakitolea hukumu: kinaweza kusubiri. Na hukumu hiyo hubadilika. Bara hatukuwa na kituo chetu cha televisheni hadi 1994, wakati nyinyi Unguja mnatazama, tena kwa rangi, tangu miaka ya sabini. Huku kwetu televisheni ilikuwa anasa, kwenu kitu cha sebuleni. Leo mwambie mtu wa Temeke televisheni ni anasa uone atakavyokutazama.

Kwenu dhahabu inaitwa akiba, na ninajua kwa nini. Bibi yako hakuwa na akaunti ya benki. Alikuwa na bangili. Mtoto akiumwa, bangili inawekwa rehani kwa sonara au inauzwa, maisha yakikaa sawa inarudi. Makochi hujawahi kuona yakiwekwa rehani. Kwa hiyo ukienda kuzungumza nao usitumie neno seti, maana kwao seti ni ya makochi na vyombo. Sema akiba ya mke.

Lakini na wewe usiwaonee. Akiba iko kwenye uzito. Mwulize sonara ni tola ngapi (tola moja ni kama gramu 11.66) na ni karati ngapi; ya karati 22 ina dhahabu 22 katika sehemu 24, ya 18 ina robo nzima ya madini mengine. Kisha muulize ufundi ni kiasi gani. Siku ukimrudishia kuuza atapima dhahabu tu, ule ufundi, yale maua na vitone, halipi. Bangili nyembamba yenye nakshi nyingi ni anasa kweli, wakwe zako wana haki. Bangili nene isiyo na kitu ni akiba. Chagua ya pili, umalize ugomvi kwa neno lako mwenyewe.

Makochi yatakuja.

*

*Hujambo bibi mwenzangu. Nakuandikia kutoka Muscat. Nimezaliwa Pemba, watoto wangu na wajukuu wamezaliwa huku. Mjukuu wangu wa miaka saba ananiambia, "Bibi, wewe ghali." Nilishtuka, nikadhani ananisema kwa ajili ya dawa zangu. Mama yake ananiambia ananisifu. Hicho ni Kiswahili?*

Sijambo, bibi mwenzangu, na umenichekesha mpaka chai imemwagika.

Anakusifu. Kwa Waarabu aliokulia kati yao, ghali ni kitu cha bei kubwa na ni mtu mpenzi pia. Sisi tulipolichukua neno tulichukua la dukani, la moyoni tukaliacha bandarini. Kwa Kiswahili cha Pemba na cha Tanga ukimwambia mtu yeye ghali, atadhani unamwambia anajitia adimu, au mahari yake haifikiki. Mpenzi tulimtafutia jina jingine, azizi, nalo la Kiarabu vile vile, na kwenye mashairi likavaa kilemba likawa laazizi. Ukitaka lisilonuka udi tunalo "kipenzi", na tunalo "tunu", ambalo mimi ndilo nilipendalo: kitu cha thamani ulichopewa, hukukinunua.

Lakini sikia kitu. Kwa Kiarabu, kwa kuwa wewe ni mwanamke, angekwambia "ghalia". Amekwambia "ghali". Kiswahili hakijui mwanamke wala mwanamume kwenye sifa, na mtoto huyo, bila kufundishwa na mtu, amelikata lile neno mkia akalitia kwenye sarufi ya bibi yake. Kazaliwa Muscat, anakupenda kwa msamiati wa huko, ila sentensi ni ya Pemba. Usimrekebishe. Mwambie, "Na wewe ghali, mjukuu wangu," halafu siku nyingine umdondoshee "azizi", siku nyingine "tunu", ataokota.

Ila mkienda sokoni Matrah, mwambie asikuite hivyo mbele ya muuza kanzu. Yule anajua maana zote mbili, na atapandisha bei.